Maswali ya "boti saa ngapi": tuyajibu au tuyafunge?

#1 Mkwajuni Mkavu (Jumanne, saa 2:14 usiku)

Assalam alaykum.

Naleta hoja hii na akili yangu timamu, sijagombana na mtu. Tangu Jumatano iliyopita nimehesabu humu: "boti ya Pemba inaondoka saa ngapi" mara sita, "bamvua lini" (yale maji makubwa, ya kujaa sana na kutoka sana) mara nne, "ZanID inataka karatasi gani" (kile kitambulisho chetu cha ukaazi) mara tatu, na mzazi mmoja kauliza Mapinduzi yalikuwa mwaka gani kwa sababu mwanawe kapewa kazi ya skuli. Mtu ana simu mkononi, bando analo, kaandika swali la mistari minne na salamu juu yake. Maneno matatu tu angeyatia Google yangemtosha.

Rai yangu: anayeuliza aseme kwanza katafuta wapi na kapata nini. Asiyesema, uzi wake ufungwe. Vyenginevyo wajuzi watachoka na kuondoka, tubaki sisi tusiojua tunaulizana wenyewe kwa wenyewe.

#2 Tasi wa Kukaanga (saa 2:20)

W/salaam. Hoja hii hii ilifunguliwa mwaka jana. Ulitafuta kwanza?

#3 Mkwajuni Mkavu (saa 2:26)

Nilitafuta. Ule uliishia ukurasa wa tatu watu wanatukanana kwa mambo ya Simba na Yanga.

#4 Mama Mwani (saa 2:41)

Mkwajuni, nikusahihishe kidogo. Hao wanaouliza bamvua si sisi wakulima wa mwani. Sisi Paje na Jambiani tunapanda tangu 1989 na hatujamuuliza mtu. Mwezi ukiandama tunajua, ukiwa mpevu tunajua, siku hizo maji yanatoka asubuhi mpaka unauona mwamba, tunashuka kwenye vigingi vyetu. Wanaouliza ni vijana wa mahoteli wanaotaka kupeleka wageni.

Lakini hata wao siwalaumu. Siku moja niliitafuta hiyo jaduweli ya maji kwenye simu ya mwanangu. Yote Kiingereza, na mie Kiingereza changu cha kuombea maji tu. Halafu tarakimu za mita, saa za kizungu. Nikaona bora nitoke nje niangalie juu.

#5 Fundi Waya (saa 3:02)

Mimi niko upande wa Mkwajuni, na nina sababu. Sisi wa kompyuta jambo hili tumelipitia zamani. Kwenye Usenet, mabaraza ya mtandaoni ya zamani, miaka ya themanini huko, watu walichoka kujibu maswali yale yale wakaandika mafaili ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara. Mgeni akija anaambiwa kasome kwanza. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vya Marekani walikuwa wanapata akaunti, wanavuruga mwezi mmoja, wakifundishwa adabu mambo yanatulia. Ilipofika 1993 AOL, kampuni ya kuuza intaneti, ikawamwaga wateja wake mle, na Septemba hiyo haijaisha mpaka leo. Ndivyo wenyewe wanavyosema.

Halafu 2008 ikaja Stack Overflow, tovuti ya maswali ya programu. Swali lililokwisha kuulizwa hufungwa na kuelekezwa kwenye la zamani, swali la kivivu hupigwa kura ya kushushwa. Ukali ule ndio ulioifanya ukitafuta kosa lolote la programu ukute jibu safi, si kurasa arubaini za "hata mie pia".

#6 Kitasa cha Shaba (saa 3:15)

Fundi, mlango wa AOL ulifunguliwa 1994. Hiyo 1993 ni Septemba yenyewe, jina likabaki.

Na umesahau nusu ya pili ya hadithi. Ukali huo huo ndio uliowafukuza wanaoanza. Mimi niliuliza pale mara moja tu katika maisha yangu. Ndani ya dakika tano nikafungiwa nikaambiwa swali langu ni marudio ya lile la fulani. Nikalisoma lile la fulani. Halikuwa langu. Yeye shida yake ilikuwa tarehe, mimi yangu saa. Sijarudi.

#7 Fundi Waya (saa 3:19)

1994, nakubali. Kuhusu la kufungiwa, ungelihariri ukaeleza tafauti, wangelifungua.

#8 Kitasa cha Shaba (saa 3:21)

Nilikuwa na miaka 19 na nimeshatahayari. Nani angehariri?

#9 Bwana Makasha (saa 3:40)

Mkisema ratiba ya boti inatafutika nawacheka. Binamu yangu wa Micheweni alikuwa Unguja, anataka kwenda Dar. Akatafuta mwenyewe kama mnavyotaka, akaona 12:30. Saa kumi na mbili na nusu. Akaswali Alfajiri, akachukua begi, akafika Malindi hata wauza kahawa hawajawasha mkaa. Akakaa juu ya begi lake saa sita nzima, kwa sababu 12:30 ya kwenye ratiba ni saa sita na nusu mchana ya kwetu.

Angeuliza humu, mtu angemwambia "saa sita na nusu, fika saa tano". Maneno saba hayo yana kitu ambacho ratiba haina.

#10 Tasi wa Kukaanga (saa 3:43)

Bahati yake hakuelewa saa kumi na mbili na nusu ya jioni.

#11 Mtoto wa Wete (saa 3:50)

Mpemba gani huyo hakuuliza pale pale bandarini akarudi kulala?

#12 Bwana Makasha (saa 3:52)

Aliuliza. Akaambiwa "si ipo kwenye simu yako".

#13 Maalim Ubao (saa 4:10)

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun-Nahl, aya ya 43, waulizeni wenye kumbukumbu ikiwa nyinyi hamjui. Hakusema "waulizeni baada ya kutafuta". Na iko hadithi katika Abu Daud ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenziwe wakamfutu lazima aoge, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari alikasirika, akasema kwa nini wasiulize walipokuwa hawajui, hakika dawa ya kutojua ni kuuliza.

Sasa nyinyi mnataka dawa hiyo itolewe kwa cheti.

#14 Mkwajuni Mkavu (saa 4:22)

Maalim, kwa heshima yako. Hiyo hiyo Qur'ani, Suratul-Maida aya ya 101, inakataza kuuliza mambo ambayo mkidhihirishiwa yatakuchukizeni. Na Bani Israil katika Suratul-Baqara waliambiwa wachinje ng'ombe. Wangechinja ng'ombe yeyote yangekwisha. Wakauliza wa umri gani, wakauliza rangi gani, wakauliza tena yupi hasa, mpaka ikawa ng'ombe mmoja tu dunia nzima ndiye anayefaa. Si kila kuuliza ni kutafuta elimu.

#15 Maalim Ubao (saa 4:31)

Wale walijua wakajifanya hawajui. Hayo ni mengine. Anayeuliza boti saa ngapi hana kiburi, ana safari.

#16 Urojo Mkali (saa 4:33)

Mmeshatoka kwenye boti mmeingia kwenye ng'ombe. Nakwenda kulala.

#17 Mwenye Nyumba ya Wageni (Jumatano, saa 1:05 asubuhi)

Sabalkheri. Nina vyumba sita Mji Mkongwe na kila wiki mgeni ananionesha simu yake: "hapa pameandikwa huhitaji bima." Ukifungua unakuta watu wamejibizana miaka hiyo, na majibu yao yalikuwa sahihi siku hiyo. Lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kutoka nje anayeingia Zanzibar analazimika kuwa na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Kurasa za zamani hazikufutwa. Zipo juu kabisa ukitafuta, kwa sababu ndizo zilizosomwa sana.

Fundi Waya anasema jibu la zamani linatosha, mrudio ufungwe. Kwenye programu huenda. Kwenye visiwa hivi, jibu la mwaka juzi ni sawa na samaki wa juzi.

#18 Fundi Waya (saa 1:30)

Hapo umenipata kidogo. Ila dawa yake ni kulisahihisha lile jibu la zamani pale pale lilipo. Ukifungua jipya kila wiki, wale wa Google wataendelea kulikuta bovu lile lile.

#19 Mwenye Nyumba ya Wageni (saa 1:34)

Na la zamani likishafungwa nitalisahihisha kwa mlango gani?

#20 Kijana wa Darajani (saa 2:12)

Mimi naona mmekosea tangu mwanzo. Mnadhani mtu anauliza kwa sababu anataka jibu. Nendeni Jaws Corner, baraza la kahawa pale Mji Mkongwe, jioni, kaeni na kikombe cha kahawa. Mzee atakuja atauliza "nguru leo bei gani?" Mzee huyo katoka Darajani sasa hivi, kaununua huo nguru, uko ndani ya mkoba. Anauliza ili akae. Akijibiwa bei atasema "aa, ghali," mwengine atasema karafuu nazo, wa tatu atataja mtoto wake alioko Maskati, na magharibi imeshaingia.

"Boti saa ngapi" ni hodi.

#21 Mkwajuni Mkavu (saa 2:25)

Maneno matamu, lakini pale barazani tupo kumi na swali linapotea na upepo. Hapa tupo maelfu na kila hodi inabakia imeandikwa. Mimi nikitafuta kitu cha maana napita kwanza hodi mia mbili.

#22 Bi Shumizi (saa 2:48)

Nitasema langu, halafu nisiulizwe tena.

Miongoni mwa hao watatu wa ZanID mimi ni mmoja. Mkwajuni ulinijibu wewe: "Ipo kwenye tovuti, jifunze kutafuta." Nilikuwa nimeshatafuta. Orodha nilikuwa nayo, cheti cha kuzaliwa ninacho. Nina miaka 24 na sijawahi kuchukua kitambulisho, kwa sababu nimelelewa huku na kule baada ya mama kufariki. Nilichotaka kujua ni kama sheha atanihoji mbele za watu kwa nini nimechelewa, na kama kuna mtu wa shehia jirani aliyepita njia hiyo. Hilo sikuweza kuliandika na jina langu likiwa pale. Nikaandika "inataka karatasi gani".

#23 Mkwajuni Mkavu (saa 3:10)

Bi Shumizi, samahani sana. Sikujua.

#24 Mama Mwani (saa 3:12)

Angejuaje, na yeye kafunga mlango kabla hajauliza "nani"? Mwanangu, njoo faragha, nitakwenda na wewe mwenyewe kwa sheha.

#25 Kitasa cha Shaba (saa 3:30)

Hili la Bi Shumizi watu wa programu wanalijua. Mtu anauliza Y kumbe shida yake X. Anayejibu Y kavu, au anayemfukuza kwa sababu Y ni rahisi, wote wawili hawajaigusa X. Ila nisiwe mnafiki: mara nyingine Y ni Y tu, na mtu ni mvivu.

#26 Tasi wa Kukaanga (saa 3:41)

Swali la mtihani. Vita vya Mwingereza na Seyyid Khalid vilichukua dakika ngapi? Rahisi hilo, watoto wa skuli wanalijua. Atakayejibu kwa kutafuta apate soda.

#27 Mtoto wa Wete (saa 3:44)

38. Tarehe 27 Agosti 1896. Soda yangu iwe ya tangawizi.

#28 Bwana Makasha (saa 3:47)

45, mimi nimesomeshwa 45.

#29 Kijana wa Darajani (saa 3:51)

Nimepata 40.

#30 Maalim Ubao (saa 4:05)

Zote zimeandikwa, inategemea unaanza kuhesabu wapi na unaishia wapi. Muda wa onyo la Waingereza ulikwisha saa tatu asubuhi, mizinga ikaanza dakika chache baadaye. Wako wanaohesabu mpaka bendera ya kasri ilipoanguka, wako wanaohesabu mpaka mzinga wa mwisho. Mwenye kutafuta atakutana na namba moja, iliyo juu, atafunga simu akijiona kajua.

Na skuli ukiandika 38 wakati kitabu cha mwalimu kina 45, unakosa.

#31 Tasi wa Kukaanga (saa 4:07)

Soda nitainywa mwenyewe.

#32 Fundi Waya (saa 5:20)

Haya ya Google yatakwisha yenyewe. Sasa watu wanaiuliza akili mnemba (kuna wanaosema akili unde, tusianze tena), haichoki, haikukebehi, hata ukiuliza saa nane za usiku. Mkwajuni utapata utulivu wako bila ya sheria.

#33 Mama Mwani (saa 5:45)

Mpwa wangu kaiuliza hiyo, kwa Kiswahili kizuri, mimi nimekaa ubavuni. Ikamwambia mwezi ukiwa mpevu ndiyo maji mafu, yale madogo yasiyotoka sana. Kinyume kabisa! Kwa adabu zote, na pole juu yake. Angemfuata angeshuka pwani na kukuta maji kifuani. Humu ndani mtu akikosea hivyo anachekwa na watu ishirini ndani ya dakika.

#34 Mtoto wa Wete (saa 5:50)

Ndiyo maana ya watu kuuliza humu: anataka jibu na anataka kuona nani atalipinga. Idi ni kesho au kesho kutwa? Google itakupa tarehe tangu mwaka kabla. Lakini sisi tunangoja mwezi uonekane na Ofisi ya Mufti itangaze, na kuna jirani zetu wanaofuata tangazo la Saudia, wamekwisha kuswali sie bado tumefunga. Swali hilo halina jibu la kutafuta. Lina la kumuuliza mkeo umeshapika vitumbua au vipi.

#35 Urojo Mkali (saa 5:58)

Unaona, Mpemba ukimuuliza swali anakurudishia swali.

#36 Mtoto wa Wete (saa 5:59)

Nani kakwambia?

#37 Bwana Makasha (saa 7:15 mchana)

Turudi kwenye hoja ya Mkwajuni ya wajuzi kuondoka, maana haijajibiwa. Nahodha Mstaafu yuko wapi? Alikuwa anajibu kila mtu mambo ya bahari, sasa mwezi wa tatu hajaonekana. Huo si ushahidi?

#38 Kijana wa Darajani (saa 7:22)

Alikasirika pale alipobishiwa habari za mkondo wa Nungwi na mtu asiyejua kuogelea.

#39 Fundi Waya (saa 7:30)

Hapana, alichoka na marudio. Aliandika mwenyewe: "hili nimeshalijibu."

#40 Mama Mwani (saa 7:41)

Aliandika hivyo, kisha akajibu upya aya nne. Nakumbuka.

#41 Nahodha Mstaafu (saa 11:30 jioni)

Assalam alaykum. Simu iliniponyoka nikiwa juu ya mtumbwi, Makoongwe hapa, ikazama. Nimepata hii jana, ya mjukuu.

Nimewasoma wote. Kuchoka nachoka, sitaki kusema uongo. Swali la bamvua nimelijibu mara nyingi hata nikilala naliota. Lakini kila nikilijibu naliandika tafauti kidogo, na mara mbili nimejikuta nimekosea huko nyuma na hakuna aliyeniona. Mkondo wa Nungwi lile lilinikera kweli.

#42 Mkwajuni Mkavu (saa 11:44)

Karibu tena Nahodha. Sasa wewe unasemaje, iwepo sheria au isiwepo?

#43 Nahodha Mstaafu (saa 11:52)

Wekeni jibu moja la boti na moja la maji, juu kabisa, mtu alisahihishe kila mwezi. Atakayekuja kuuliza mwelekezeni huko kwa upole. Nani atalisahihisha kila mwezi, hilo sijui, mie msinitazame.

#44 Tasi wa Kukaanga (saa 11:55)

Mkwajuni kajitolea.

#45 Mkwajuni Mkavu (saa 11:58)

Lini?!

#46 Mwana wa Kiongwe (saa 2:30 usiku)

Samahani wakubwa, mie mgeni humu, uzi nimeusoma wote na nimetafuta kwanza. Tuna harusi. Bibi harusi tunamvusha kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu, mwezi 20 Mfungo Pili. Jaduweli nimeiona lakini sijui naisomaje. Tuondoke saa ngapi?

#47 Nahodha Mstaafu (saa 2:52)

Ahlan. Hesabu ya mkononi ni hii: mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maji ya Unguja hujaa kwenye saa kumi za jioni na za alfajiri, na kutoka hapo kila siku huchelewa kama dakika 50, siku nyengine pungufu, nyengine zaidi. Mwezi 20 yatakuwa yamejaa kwenye saa mbili asubuhi na yatatoka mpaka saa nane mchana hivi. Usinishike kwa dakika. Saa nane pale Mkokotoni mtatembea matopeni kufuata mashua.

Sasa niambie: mnashukia Gomani au Jongowe? Na bibi harusi anavaa viatu gani?

#48 Mwana wa Kiongwe (saa 2:58)

Jongowe. Viatu ngoja nimuulize mama yake.